Paka si mzigo

Kila ifikapo Desemba, shule zikishafungwa, kituo cha matatu cha Olympic, mtaani Kibera, hujaa wasafiri. Hapo ndipo huanza safari ndefu za likizo: kwanza matatu ya kufika katikati ya jiji, kisha basi la kwenda Kakamega, Busia au Siaya. Baina ya magodoro, masanduku na magunia ya nguo kuukuu yumo abiria mmoja asiyekatiwa tikiti. Humwoni, wamsikia tu akilia ndani ya katoni iliyofungwa kwa kamba, au ndani ya gunia lililokazwa mdomo. Naye utingo, mwenye haraka zake, huamuru: "Mama, hiyo paka iende kwa buti!"

Mimi ni mwalimu wa isimu, na sentensi hiyo fupi imenishughulisha kwa muda. Neno "paka" kwa umbo lake ni ndugu wa "nyumba" na "meza": halina kiambishi kinachobadilika katika umoja na wingi. Lau umbo pekee ndilo lingeamua upatanisho, tungalisema "paka imelala" kama tusemavyo "meza imevunjika". Lakini Kiswahili hutazama zaidi ya umbo. Chochote kilicho na uhai, awe mtu, mnyama au mdudu, hupewa upatanisho wa ngeli ya A-WA. Ndiyo maana kifaru na kiboko, licha ya kuvaa "ki-" ya kiti na kisu, husemwa "kifaru amelala" na "kiboko ameibuka". Wahenga waliotuachia lugha hii waliweka mpaka ulio wazi baina ya mwenye pumzi na kisicho na pumzi.

Sisemi haya ili kumkemea utingo. Kiswahili cha Nairobi kina njia zake, na kupunguza mipatanisho ya ngeli ni jambo lililotokea katika miji mingi ambako watu wa lugha mbalimbali hukutana. Yuko asemaye "paka yangu imepotea" akalala bila kula kwa huzuni. Yuko pia aliyefaulu vizuri mtihani wa Kiswahili, ambaye atasema "paka huyu ametusumbua" kwa usanifu kamili, kisha amtie guniani. Sarufi haijapata kumwokoa mnyama yeyote. Hata hivyo, katika amri ile ya utingo, neno na tendo huenda sambamba: aliyetajwa kama mzigo hupakiwa kama mzigo.

Hebu tuyatafakari yanayompata akiwa humo. Paka hatoki jasho mwilini kama sisi. Hutoka jasho kidogo tu katika nyayo, na hujipoza kwa kulamba manyoya yake. Ndani ya gunia hawezi hata kujilamba. Gari likiegeshwa juani huku madirisha yamefungwa, joto ndani yake laweza kupanda kwa zaidi ya nyuzi 20 za Selsiasi katika muda wa saa moja, hata siku ambayo nje hakuna joto kali. Paka anayehema kinywa wazi amekwisha kuelemewa. Kutoka Nairobi hadi Kisumu ni kilomita zipatazo 350, na katika msongamano wa Desemba safari hiyo humaliza siku. Anayewekwa kwenye buti alfajiri huenda akafunguliwa jioni akiwa maiti, na watoto waliomlea wakaambiwa kwamba "safari ilimshinda".

Mwaka 2004, kanuni za uchukuzi zilizopewa jina la waziri John Michuki zilitulazimisha kila abiria wa matatu awe na kiti na mkanda wake. Tulinung'unika, kisha tukazoea, kwa kuwa tulikubali kwamba binadamu hapakiwi kama viazi. Sheria inayomhusu mnyama ni ya zamani kuliko hiyo. Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inayozuia ukatili dhidi ya wanyama, inaharamisha kumsafirisha mnyama kwa namna inayomtesa pasipo sababu. Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya ng'ombe na punda peke yao.

Jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alihamia Kakamega mwaka jana kwa gari lake dogo, na alikuwa na paka wawili. Alivyoiandaa safari ile chafaa kuigwa. Wiki mbili kabla ya kuondoka aliweka sebuleni vikapu viwili vyenye vifuniko, milango wazi, na ndani yake akatandika kanga kuukuu ambayo paka hao walizoea kuilalia. Paka huutambua ulimwengu wake kwa harufu kuliko kwa macho. Kanga ile ilikuwa nyumba ndogo iliyosafiri pamoja nao. Siku ya safari hawakupewa chakula kwa saa chache kabla ya kuondoka, wasije wakatapika njiani. Vikapu vilifungwa imara katika kiti cha nyuma, kila paka na chake. Hawakuachwa wazunguke garini, kwani paka aliyeshtuka hukimbilia mahali penye giza, na huenda pakawa chini ya miguu ya dereva. Kila waliposimama walipewa maji, na vikapu havikufunguliwa kabla ya milango ya gari kufungwa.

Kuna jambo la hatari ambalo sharti nilitaje. Wako wanaomtuliza paka kwa vidonge vya binadamu. Parasetamoli, iliyomo katika Panadol, ni sumu kwa paka, na hata kidonge kimoja chaweza kumuua. Anayetaka dawa na amwone daktari wa mifugo, ambaye pia atamchanja dhidi ya kichaa cha mbwa. Jina la maradhi hayo linatupotosha: humpata paka pia, naye huweza kumwambukiza binadamu.

Kufika si mwisho wa safari. Paka mgeni afungiwe chumbani kwa wiki mbili tatu kabla ya kuruhusiwa kutoka, la sivyo atatafuta njia ya kurudi alikotoka. Mwanazuolojia Mmarekani, Francis Herrick, alichapisha mwaka 1922 majaribio yaliyoonyesha paka akirudi kwake baada ya kuachwa maili kadhaa mbali na nyumbani. Mwishoni mwa mwaka 2012, paka aitwaye Holly, aliyepotea safarini katika jimbo la Florida, alitembea karibu kilomita 300 kwa muda wa miezi miwili hivi. Alionekana kama maili moja tu kutoka kwao, nyayo zimechunika, hajiwezi kwa udhaifu.

Habari hiyo inapaswa kuwatahayarisha wale ambao safari yao na paka ni ya kwenda tu. Sote twawajua: paka akizaa mno, hutiwa guniani na watoto wake, wakaachwa kwenye soko la mji wa mbali. Wengine huhama nyumba za kupanga na kubeba kila kitu, hata misumari ya ukutani, ila paka. Hujitetea kwamba mbwa ni wa mtu lakini paka ni wa nyumba. Lakini methali yetu husema: paka wa nyumba haingwa. Kuinga ni kufukuza, kama tuingavyo ndege shambani. Aliyekaa nasi amekuwa wetu. Ikiwa tatizo ni wingi wa vipaka, suluhisho ni kumfunga uzazi. Chama cha KSPCA, ambacho makao yake yako Karen, si mbali na Kibera, huweza kumwelekeza asiyejua pa kuanzia.

Walimu wenzangu, muhula ujao mtakapofundisha ngeli ya A-WA, msiishie kwenye majedwali ya viambishi. Waulizeni wanafunzi kwa nini lugha yao humpa mdudu upatanisho ule ule inaompa mfalme. Kisha waulizeni nani kati yao atasafiri likizo hii na paka, na atamweka wapi. Na nyinyi wanafunzi, utingo akisema iende kwa buti, mjibuni kwa adabu kwamba hatakwenda huko; atakaa mapajani pangu.