Nyota Yako Imesema Nini Leo? Wasee wa Babeli Walioanzisha Hii Maneno Hawakuwa na Haja na Wewe

Kuna wasee hawawezi toka kwa nyumba kabla wacheki nyota. Simba leo ataangukia doh, Nge aachane na eks wake, Mizani akae rada kazini. Na wale wasomaji wa mitandaoni ukiwaingilia inboksi, utaambiwa utume soo tano kwanza ndio usomewe. Ukiuliza hii elimu ilitoka wapi, wanakushow ni ya kale sana, ya Wakaldayo. Sawa, lakini stori yenyewe si venye unauziwa.

Kama ulipitia shule ya Jumapili, hawa Wakaldayo unawajua. Ni wale wa kitabu cha Danieli: Nebukadneza anaota ndoto, anawaita, wanashindwa kumwambia aliota nini, anataka kuwamaliza wote. Walikuwa makabila ya kusini mwa Iraki ya leo. Ukoo wa kifalme unaoitwa wa Kikaldayo ulishika Babeli mwaka 626 KK, na kufikia 539 KK Koreshi wa Uajemi alikuwa ameshauondoa. Hiyo ni miaka haifiki hata 90. Kusoma mbingu kulikuwepo Babeli kitambo sana kabla yao. Makarani walikuwa na mabamba ya udongo kama 70 hivi, yanaitwa Enuma Anu Enlil, yamejaa maelfu ya ishara: mwezi ukifanya hivi, mfalme atapatwa na vile.

Umeskia? Mfalme. Mvua, vita, mavuno, kiti cha enzi. Mapenzi yako hayakuwa kwa hayo mabamba. Mbingu zilikuwa kama barua kutoka kwa miungu, na barua ilikuwa ya mdosi mwenyewe.

Na barua ikiwa mbaya, kuna mtu mwingine alilipa. Tuna barua za karne ya 7 KK, wakati Esarhaddon wa Ashuru alikuwa anatawala Babeli pia. Mwezi ukipatwa na wataalamu waseme kifo cha mfalme kimeandikwa, walitafuta mtu wa kukalia kiti chake. Alivalishwa mavazi ya kifalme, akapewa na dame wa kukaa kando yake kama malkia. Mfalme halisi alijificha, na kwa hizo barua wanamuita "mkulima". Muda ukiisha, ungeenda hadi siku 100, yule wa kubandikwa aliuawa ndio ishara iwe imetimia, halafu mkulima akarudi kwa kiti chake fiti kabisa. Mmoja aliyeenda hivyo anaitwa Damqi, mtoto wa mkubwa fulani wa mji wa Akkad. Walimpamba, wakamlilia, wakamzika pamoja na malkia wake. Manze, hao wawili hawakuwa wamekosea chochote.

Lakini hofu hiyo hiyo ndiyo ilifanya hawa wasee wakuwe moto kwa hesabu. Ilibidi wajue mwezi utapatwa lini. Wakaanza kuandika kila usiku: mwezi uko wapi, Zuhura iko wapi, Mirihi imesonga aje. Kando ya hayo wanaandika bei ya shayiri, tende, ufuta na sufu, na maji ya mto Frati yamepanda kiasi gani. Daftari la zamani zaidi tulilo nalo ni la 652 KK, na hii kazi iliendelea hadi karne ya kwanza KK. Juni 323 KK Alexander wa Makedonia alifia Babeli. Karani aliandika tu mfalme amekufa, na kulikuwa na mawingu. Basi. Kwa hizo rekodi waligundua kwamba kupatwa hujirudia baada ya miaka 18 na siku kama 11, na hiyo hesabu inashika mpaka leo.

Karne ya 5 KK ndio waligawa njia ya jua mara 12, kila kipande digrii 30. Hapo ndio Nge na Samaki wako walikaa sawa. Nyota za mtoto aliyezaliwa, za zamani zaidi zilizopatikana, ni za 410 KK. Moja inataja mwezi chini ya pembe ya Nge, Mshtarii kwa Samaki, Zuhura kwa Ng'ombe, halafu inasema mambo yatakuwa mazuri. Hakuna maneno ya tabia yako ama utaoa nani.

Hizo mbwembwe nyingi waliongeza Wagiriki, haswa kule Aleksandria. Kufikia hapo "Mkaldayo" haikuwa kabila tena. Ilikuwa kama jina la biashara, msee yeyote wa kusoma nyota aliitwa hivyo. Roma iliwafukuza mjini mwaka 139 KK. Baadaye elimu ikaingia kwa Kiarabu, ikapikwa sana Baghdad, si mbali na magofu ya Babeli yenyewe. Neno letu unajimu limetoka huko, kwa nujumu, yaani nyota.

Na ile safu ya gazeti ya Simba leo, Nge kesho? Ni ya juzi tu. Agosti 1930 gazeti la Sunday Express la London lilimuomba R. H. Naylor asome nyota za Princess Margaret aliyekuwa amezaliwa tu. Watu wakaipenda, wakataka yao pia.

Halafu kuna hii. Dunia inayumba polepole kama pia inayozunguka, na tangu enzi za Babeli zile alama 12 zimeachana na makundi ya nyota zilizopewa majina yake, karibu kipande kizima. Kama ulizaliwa Aprili 5, gazeti litakuambia wewe ni Kondoo. Hiyo siku jua lilikuwa bado kwa Samaki.