Kikombe cha pili

Juni na Julai hapa Njombe ni miezi ya masweta na majiko ya mkaa. Chai ya tangawizi haikosekani. Lakini wengi tunainywa tumesimama, simu mkononi, kisha kila mtu anashika njia yake.

Mwaka jana nilikorofishana na kijana wangu. Kwa wiki tatu tulipishana mlangoni kimya.

Ndipo nikarudia Injili ya Yohana. Usiku wa baridi, Petro alimkana Bwana huku akiota moto wa makaa (18:18). Baada ya kufufuka, Yesu alimngoja ufukweni alfajiri penye moto mwingine wa makaa, na samaki na mkate (21:9). Hakuanza na lawama. Aliwalisha kwanza, walipokwisha kula ndipo akamuuliza Petro kama anampenda.

Kesho yake niliamka mapema, nikaponda tangawizi, nikachemsha chai, nikamimina vikombe viwili. Siku tatu kijana alikunywa bila neno, akaondoka. Siku ya nne alivuta kiti: "Baba, tuongee." Aliyeanza kuomba msamaha ni mimi.

Ndugu yangu, baridi hii ifanye chai ya asubuhi kuwa ibada yako ndogo ya kila siku. Weka simu kando. Mshukuru Mungu kwa maji, kwa majani, na kwa mikono iliyoyachuma kule Lupembe. Kisha jiulize: kikombe cha pili nammiminia nani?

Jumapili njema.