Utangulizi wa Kazi ya Huduma kwa Vikundi vya Vijana

Ikiwa kikundi chenu, huko Umoja, Dandora, Kaloleni au mtaa mwingine wa Eastlands jijini Nairobi, kinataka kufanya kazi ya huduma ili kitunukiwe, msitishwe na fomu za tuzo.

Huduma, kwa maana tunayoitumia hapa, ni kazi unayojitolea kuifanya bila malipo, na wanaofaidika si wewe wala jamaa zako. Kufagia kwenu si huduma. Kuzibua mtaro unaopita mbele ya ploti kumi ni huduma. Ukishaelewa hilo, umevuka kizingiti.

Mfano bora uko jirani. Mwaka 1987 kilianzishwa Mathare chama cha michezo cha vijana kinachojulikana kama MYSA. Mwanzilishi wake, Bob Munro kutoka Kanada, aliwakuta watoto wakicheza mpira wa karatasi za plastiki katikati ya taka. Utaratibu uliobuniwa baadaye unanivutia hadi leo: timu ikishinda mechi ya ligi hupata pointi 3, ikikamilisha kazi ya usafi hupata pointi 6. Hebu fikiria. Mshambuliaji hodari anayekwepa reki anaiangusha timu yake kwenye jedwali! Basi wachezaji huingia mtaroni na majembe, huchota tope jeusi lililonasa mifuko na chupa, na kulipakia kwenye wilbaro. Mwaka 1992 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao Gigiri, liliitunuku MYSA tuzo ya Global 500.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Tuzo hiyo ilipewa chama kizima. Tuzo ya Rais, ambayo huenda ndiyo mnayoilenga, hupewa mtu mmoja mmoja. Ilianza nchini Kenya mwaka 1966, kwa mfano wa ile ya Duke of Edinburgh iliyoasisiwa Uingereza mwaka 1956. Ni ya vijana wa miaka 14 hadi 24, ina ngazi za shaba, fedha na dhahabu, na hakuna anayeshindana na mwenzake. Huduma ni sehemu yake moja tu. Zipo pia ujuzi, mazoezi ya mwili na msafara. Mnaweza kuzibua mtaro pamoja, lakini kila mmoja ajaze kumbukumbu zake, zithibitishwe na mtathmini, yaani mtu anayeifahamu kazi hiyo na kushuhudia kwamba kweli imefanyika.

Je, usafi mkubwa wa siku moja, wenye fulana mpya na picha nyingi, unatosha? Hautoshi. Hata ngazi ya shaba hudai huduma ya miezi 3 au zaidi, kwa wastani wa saa moja kila juma. Mimi naona sharti hilo ni la haki, kwa kuwa taka za Eastlands hazizalishwi siku moja.

Kwa hiyo chagueni kazi ndogo iliyo karibu, mnayoweza kuirudia bila nauli. Kabla ya kununua glavu, mwoneni mzee wa Nyumba Kumi, yaani kiongozi wa majirani wa eneo lenu, mumuulize wakazi wanakerwa na nini, na nani atazoa rundo la taka mtakazotoa. Tope likiachwa ukingoni, mvua ya kwanza hulirudisha mtaroni. Tafuteni gari la taka kwanza, kisha ndipo mtangaze siku.