Baridi ya ng'ambo: Dakika 30 zatosha kukupotezea vidole

Kila mwaka ifikapo Oktoba, wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani hutoa taarifa kuhusu majira ya baridi yatakayoanza Desemba na kumalizika Februari. Taarifa hiyo husomwa kwa makini na wakulima, kampuni za umeme na wauzaji wa mafuta ya kupashia nyumba joto. Siku hizi inafuatiliwa pia Nairobi, Kisii na Eldoret, kwa sababu ni familia nyingi zilizo na mtoto, dada au mjomba anayeishi Minneapolis, Chicago au Boston. Simu hupigwa: "Tumesikia mwaka huu theluji itakuwa nyingi. Mtaweza kweli?"

Swali ni jema, lakini taarifa ya Oktoba haiwezi kulijibu, na mtu anayeitegemea hiyo peke yake anaweza kuumia.

Taarifa ya majira yote hueleza uwezekano tu. Ramani yake hupakwa rangi kuonyesha ni wapi baridi huenda ikazidi wastani na ni wapi huenda ikapungua. Ili kuichora, wataalamu huangalia sana maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta. Maji hayo yakipoa kuliko kawaida, hali iitwayo La Niña, majimbo ya kaskazini ya Marekani huelekea kupata baridi zaidi. Yakipata joto jingi, yaani El Niño, majimbo hayo hupata nafuu. Wakenya wanayajua mambo haya kwa upande mwingine: El Niño ndiyo iliyoandamana na mafuriko ya 1997 na ya 2023, nayo La Niña mara nyingi hutunyima mvua ya vuli.

Sasa tazama yaliyotokea mwaka huo wa 2023. Taarifa ya Oktoba ilisema kwamba kwa sababu ya El Niño, majimbo ya kaskazini yalikuwa na uwezekano mkubwa wa kupata majira yenye joto kupita wastani. Ikawa hivyo. Ukiondoa Alaska na Hawaii, majira ya Desemba 2023 hadi Februari 2024 yaliandikwa kuwa yenye joto zaidi Marekani tangu rekodi zianze kuwekwa. Hata hivyo, katikati ya majira hayo hayo, usiku wa Jumamosi Januari 13, 2024, maelfu ya mashabiki waliketi katika uwanja wa Arrowhead mjini Kansas City kutazama mechi ya kandanda ya Kimarekani. Mechi ilianza kipimajoto kikionyesha digrii 20 za Selsiasi chini ya sufuri, na upepo ukiifanya baridi ihisiwe kama ya digrii 33 chini ya sufuri. Wiki kadhaa baadaye ilitangazwa kwamba baadhi ya waliohudhuria walikuwa wamekatwa vidole.

Majira yote yalikuwa ya nafuu. Kilichowaumiza watu hao ni usiku mmoja.

Upepo na dakika

Kwa hivyo anayeishi huko anahitaji utabiri wa siku mbili tatu zijazo, na ndani ya utabiri huo asiridhike na nambari ya kipimajoto pekee. Iko nambari ya pili, inayoonyesha jinsi baridi inavyohisiwa mwilini upepo ukivuma.

Kila mtu aliyewahi kupuliza uji wa moto anaielewa nambari hiyo. Mwili hupasha joto utando mwembamba wa hewa unaogusana na ngozi, na utando huo hufanya kazi ya blanketi. Upepo ukija, unaupeperusha. Mwili unapasha mwingine, nao unapeperushwa, mpaka joto linakwisha kwa kasi kuliko linavyotengenezwa. Katika miaka ya 1940 Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, walipima jambo hili huko Antaktika kwa kuning'iniza chombo cha plastiki chenye maji na kuhesabu muda yaliochukua kuganda. Kanuni inayotumika leo ilianza kutumiwa na Marekani na Kanada mwaka wa 2001, baada ya watu waliojitolea kupimwa nyuso zao wakitembea mbele ya upepo wa baridi.

Mfano unaotolewa mara nyingi ni huu. Hewa ikiwa digrii 18 chini ya sufuri, na upepo ukivuma kilomita 24 kwa saa, mwili unapoteza joto kana kwamba ni digrii 28 chini ya sufuri. Ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa dakika 30. Huo ni muda wa kungojea basi lililochelewa.

Hapa pana jambo linalowakanganya wazazi wengi wanapopiga simu. Marekani hutumia kipimo cha Farenhaiti, ambacho maji huganda kikifika 32. Kijana akisema "leo ni sufuri," anamaanisha digrii 18 chini ya sufuri kwa kipimo chetu. Akisema ni 40 chini ya sufuri hakuna haja ya kubadilisha chochote, kwani hapo ndipo vipimo vyote viwili hukutana. Wakati huo asitoke nje bila sababu kubwa.

Hali kama hiyo si hadithi. Mwishoni mwa Januari 2019 hewa ya Ncha ya Kaskazini ilishuka hadi katikati ya Marekani. Kwa kawaida hewa hiyo huzuiliwa huko juu na duara kubwa la upepo unaozunguka ncha hiyo, kama ng'ombe ndani ya boma. Duara likidhoofika au kupinda, baridi hutoroka kusini. Januari 30, mji wa Minneapolis ulifika digrii 33 chini ya sufuri na Chicago karibu 31, kabla ya kuhesabu upepo. Ukiuhesabu, baridi ilihisiwa kama ya zaidi ya digrii 45 chini ya sufuri, ambayo hugandisha ngozi kwa dakika tano hivi. Shule zilifungwa, na posta, ambayo hujisifu kwa kufikisha barua katika kila hali ya hewa, ilisimamisha kazi katika majimbo kadhaa. Watu wasiopungua 20 walikufa.

Kinachotokea mwilini

Mwili ukipigwa na baridi hufanya uamuzi mgumu: huokoa moyo, ubongo na viungo vya ndani, na kuviacha vidole vijitegemee. Mishipa ya mikononi na miguuni hubana ili damu yenye joto isiende kupoteza joto hilo huko nje. Ndiyo maana vidole vya mikono na miguu, ncha ya pua na masikio huganda kwanza. Mtu huhisi kuchomwachomwa, kisha maumivu, kisha ganzi. Ganzi hiyo humdanganya, kwani hudhani amepona. Ukweli ni kwamba maji yaliyo ndani ya ngozi yameanza kugeuka barafu.

Vitabu vingi vya huduma ya kwanza vinasema ngozi hiyo hugeuka nyekundu na baadaye nyeupe. Maelezo hayo yaliandikiwa Wazungu. Kwenye ngozi nyeusi rangi haionekani kwa urahisi. Tafuta mahali palipofifia na kuwa kama pamepakwa jivu, pagumu kwa kugusa na penye utelezi kama wa mshumaa. Jambo hili ni muhimu kwetu, kwa maana uchunguzi uliofanywa miongoni mwa askari, tangu vita vya Korea vya 1950 hadi 1953, umeonyesha kwamba wenye asili ya Afrika hugandishwa na baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao Wazungu walio mahali pamoja nao. Sababu moja inayotajwa ni kwamba mishipa ya vidole vyao huchelewa kufunguka tena baada ya kubana. Mkenya anayeambiwa na wenzake kazini kwamba baridi ya leo ni ya kawaida asijipime nao.

Kidole kilichoganda kisisuguliwe, na wala kisipakwe theluji kama walivyoshauri watu wa zamani. Barafu iliyo ndani hukatakata nyama kama vipande vya chupa. Kisipelekwe karibu na moto pia, kwa kuwa chenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Kitiwe ndani ya maji ya uvuguvugu, ya digrii 37 hadi 39, yale ambayo mama angemwogeshea mtoto mchanga baada ya kuyapima kwa kiwiko. Lakini ikiwa bado kuna safari ya kwenda nje kwenye baridi, ni afadhali kuacha kuyeyusha mpaka afike hospitalini, kwani kidole kinachoyeyuka kisha kikaganda tena huharibika vibaya zaidi. Malengelenge yasipasuliwe.

Hatari kubwa zaidi ni pale baridi inapofika ndani. Joto la kawaida la mwili ni karibu digrii 37. Likishuka chini ya 35, mtu amepatwa na kile ambacho madaktari hukiita haipothemia. Kwanza hutetemeka sana, kwa sababu misuli inajaribu kutengeneza joto. Baadaye huanza kuburuta maneno, kujikwaa na kuangusha vitu, na wapita njia humchukulia kuwa mlevi. Joto likiendelea kushuka kutetemeka hukoma, na wengine hata huvua nguo wakidai wanasikia joto. Kukoma huko si nafuu. Ni wakati wa kuita gari la wagonjwa, kumwondoa mahali penye upepo, kumvua nguo mbichi na kumfunika blanketi, kifua na tumbo kwanza.

Hata akionekana amekufa asiachwe. Mwaka wa 1999 daktari kijana, Anna Bågenholm, alinaswa chini ya barafu ya kijito nchini Norway kwa zaidi ya saa moja, na joto la mwili wake likashuka hadi digrii 13.7. Moyo ulikuwa umesimama. Alipona na kurudi kazini.

Pombe, ambayo wengi huiita dawa ya baridi, hufungua mishipa ya ngozi na kumwaga nje joto lililokuwa limehifadhiwa. Anayekunywa husikia joto huku anapoa. Wazee wako hatarini zaidi, pamoja na watoto wachanga na wanaotumia dawa za usingizi. Wenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo nao wasijitwike kazi ya kukoroga theluji kwa sepetu mlangoni; kila mwaka kazi hiyo huua watu kwa mshtuko wa moyo.

Ndani ya nyumba

Februari 2021 baridi kali ilifika Texas, jimbo la kusini lisiloizoea, na umeme ukakatika kwa siku kadhaa. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246. Wengi waliuawa na baridi yenyewe, lakini wapo waliowasha jenereta ndani, waliokaa garini injini ikinguruma katika gereji iliyofungwa, au walioingiza majiko ya makaa ya kuchomea nyama sebuleni.

Hili halihitaji kufafanuliwa sana kwa msomaji wa Nairobi, ambako baridi ya Julai, isiyofikia hata sufuri, huwafanya watu walale na jiko la makaa wakiwa wamefunga dirisha. Hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Ikiingia katika damu hunata mahali pa oksijeni kwa nguvu mara 200 hivi kuliko oksijeni yenyewe. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na ni rahisi kudhani ni mafua. Ikiwa watu wote wa nyumba wameumwa na kichwa kwa wakati mmoja, na wanapata nafuu wakitoka nje, si mafua. Huko ng'ambo kipo kifaa kidogo cha kubandika ukutani kinacholia hewa hiyo ikizidi. Aliyehamia nyumba mpya aulize kama kipo na kama betri zake zinafanya kazi.

Garini ni vivyo hivyo. Katika tufani ya theluji ya Desemba 2022, iliyoua zaidi ya watu 40 katika eneo la Buffalo, jimbo la New York, baadhi walikufa ndani ya magari yaliyokwama. Aliyekwama asiliache gari na kutembea asikokuona. Awashe injini kwa dakika kumi hivi kila saa, afungue dirisha kidogo, na kwanza ahakikishe theluji haijaziba bomba la moshi.

Kuhusu mavazi, anayesafiri anaweza kupata Gikomba makoti mazito kwa bei nafuu, mengi yakiwa yametoka huko huko anakokwenda. Mabaya ni yanayovaliwa ndani. Suruali ya jinzi na soksi za pamba hushika jasho na theluji, na nguo mbichi haizuii baridi. Sufu ni bora. Nguo tatu nyembamba zilizovaliwa moja juu ya nyingine hushinda moja nene, kwa sababu hewa hubaki katikati yake. Glavu zinazoviweka vidole vinne pamoja hupasha kuliko zinazovitenganisha. Viatu visibane, hata kama mtu ameongeza soksi, kwa maana kubana huzuia damu. Betri ya simu nayo huisha upesi kwenye baridi, kwa hivyo iwekwe mfuko wa ndani karibu na kifua, ili nambari 911 ikihitajika ipatikane.