Wahudumiao Mbwa Nao Wahudumiwe

Katika visiwa vyetu kazi ya kuhudumia mbwa waliotupwa haina sifa. Anayejitolea kuifanya hubandikwa majina, jirani humkwepa kwa kuchelea najisi, na jamaa humuuliza amekosa nini hata akashughulika na mbwa. Sisi tunasema mtu huyo anafanya kazi ya umma, na ni wajibu wa umma kumwangalia.

Kichaa cha mbwa, dalili zikishamtokea mtu, karibu daima huua. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi 99 katika kila wagonjwa 100 huambukizwa na mbwa, na kwamba wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100 maambukizo yaweza kukatika. Basi mkono unaomshika mbwa koko ili achanjwe ndio unaomkinga mtoto aendaye chuoni alfajiri.

Lakini mwenye mkono huo ana moyo. Humpokea mbwa aliyevunjwa mguu kwa jiwe, akamuuguza wiki tatu, kisha daktari wa mifugo akaamua kuwa hapana budi afishwe kwa sindano. Kesho yake huletwa wengine watano. Wataalamu huiita hali hiyo uchovu wa huruma. Mmarekani Charles Figley alihariri kitabu juu yake mwaka 1995. Usingizi hupaa, hasira huwa karibu, moyo hufa ganzi, na mwishowe mtu huikimbia kazi.

Wapo watakaosema: nani kamlazimisha? Hoja hiyo haina uzito. Najisi ya mbwa ina namna yake ya kutoharishwa, tuliyofundishwa chuoni. Na huko huko tulifundishwa habari za mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake.

Kwa hiyo tunazitaka idara zinazohusika zihakikishe kwamba kila ashikaye mbwa anachanjwa kabla hajaumwa, kwamba kazi inakwenda kwa zamu, kwamba uamuzi wa kumfisha mnyama haumwelemei mtu mmoja, na kwamba anayelemewa anapata mshauri wa kuzungumza naye. Masheha nao wawaeleze wananchi faida ya kazi hii. Nasi wananchi tuache kutupa mbwa na kuwapiga mawe, kwani kila jiwe tulirushalo, yuko mwenzetu atakayekesha akiliuguza jeraha lake.