Simu ya WhatsApp: siri ipo, lakini bakiza dakika

Mzazi wa Kilwa Masoko mwenye mtoto anayesoma Dar es Salaam humpigia kwa WhatsApp, maana ni nafuu. Tangu 2016 mazungumzo hayo hufungwa kwa msimbo, hata kampuni yenyewe haiyasikii. Lakini ukiweka spika barazani, jirani anasikia yote: ada, deni, ugonjwa.

Uhakika ni jambo jingine. Mei 4, 2024 Kimbunga Hidaya kilitupiga, barabara ikakatika Somanga. Mei 12 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikakatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Simu ya kawaida haitegemei nyaya hizo. Tena WhatsApp haipigi 112.

Mzazi, usimalize salio lote kwenye bando. Bakiza dakika, na namba za ndugu ziandike daftarini.