Kutoka Miritini hadi Mwiki: Kufika Syokimau si kufika

Mama mdogo alifariki baada ya Isha, huko Mwiki, upande wa Ruiru. Nikaona treni ya asubuhi itanitosha kuwahi jeneza lake baada ya Alasiri. Nilipofika, jamaa walikuwa washarudi makaburini. Maiti yetu haiwekwi kungoja mtu, na hesabu mbaya ilikuwa yangu mwenyewe. Basi naiandika hapa ili mwenzangu asiirudie.

Treni ya SGR hukata kilomita zipatazo 472 kutoka Miritini hadi stesheni ya Nairobi iliyoko Syokimau, nje ya mji. Mwendo wake wa juu ni kilomita 120 kwa saa. Jirani zetu Tanzania, tangu 2024, wana ya umeme inayofika 160. Ya kwetu ya saa mbili asubuhi husimama vituo saba, Mariakani hadi Athi River, na hufika mnamo saa nane mchana. Za saa tisa alasiri na saa nne usiku huenda moja kwa moja, kama saa tano hivi.

Mbona isiendelee hadi mjini? Ni upana wa reli. SGR ni milimita 1,435, nayo reli ya zamani, iliyofika Nairobi mwaka 1899, ni milimita 1,000. Gari la hii halipiti kwa ile. Kwa hivyo Syokimau unashuka, unapanda treni ndogo hadi stesheni kuu ya mjini.

Kutoka hapo kuna njia ya Ruiru: Makadara, Dandora, Mwiki, Githurai, Kahawa. Naam, Mwiki ina kituo chake! Lakini treni hizo hufuata saa za wafanyakazi, kuingia mjini asubuhi na kutoka jioni. Abiria wa Pwani anayeshuka saa nane huangukia katikati. Kilichobaki ni matatu ya Thika Road kupitia Kasarani, na foleni zake.

Nasaha yangu: ukiwa na msiba au miadi ya hospitali, panda ya saa nne usiku. Hufika kabla ya alfajiri. Swali, kungoje kupambazuke, kisha uende. Asubuhi msongamano mkubwa ni wa kuingia mjini, wewe watoka. Kata tikiti mapema kwa *639# na usisahau kitambulisho. Nauli tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza.

Kwa wapangao ratiba, ombi ni moja: treni ya Ruiru mojawapo ingoje abiria wa mchana. Reli ipo, kituo kipo, kilichokosekana ni saa kupatana.

Mpaka hapo, hesabu safari yako hadi mlangoni mwa mwenyeji. Mimi sikuhesabu, na mama mdogo nimemzuru kaburini.